Mteja wa Julai Hutafuta Penye Moto

Alhamisi moja ya Julai, saa moja jioni, nilipita kwenye mkahawa mmoja wa bustani kando ya Barabara ya Ngong. Bustani yenyewe inapendeza: nyasi zilizokatwa vizuri, miavuli mikubwa, taa ndogondogo zimefungwa kwenye matawi ya miti. Meza zilikuwa ishirini hivi na hapakuwa na mteja hata mmoja. Wahudumu watatu walisimama karibu na kaunta, mikono kwapani. Ubao wa langoni ulitangaza punguzo la asilimia 30 kwa kila kitu. Nikaendelea hatua kama mia mbili hadi steji ya matatu, ambako mama mmoja anauza supu ya mifupa kwenye sufuria kubwa juu ya jiko la makaa. Watu kumi na wanne walikuwa wamemzunguka, vikombe mikononi, wengine wakingoja zamu. Hakuwa na ubao wala punguzo. Kikombe kilikuwa Sh50, na kwa muda wote niliosimama pale sikusikia mtu akiulizia bei.

Huikumbuka jioni ile kila ninapowasikia wenye mikahawa na baa wakilalamika kwamba Juni hadi Agosti watu wa Nairobi hawatoki. Nilihudumu mezani kwa miaka kadhaa kabla ya kuanza kuandika, na malalamiko haya niliyasikia kila mwaka. Niliyaamini wakati ule. Siku hizi siyaamini, na ninaona yanatugharimu sana, hasa wale wanaolipwa kwa siku.

Tuanze na baridi yenyewe. Nairobi iko digrii moja tu kusini mwa ikweta, lakini imeinuka zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Kusi linapovuma kutoka Bahari ya Hindi hubeba unyevu, na unyevu huo ukipanda nyanda za juu hugeuka wingu zito linalotanda chini na kuziba jua tangu alfajiri hadi adhuhuri, siku nyingine hadi machweo. Watu wa pwani huyaita majira haya kipupwe na huyafurahia, kwa kuwa joto limepungua. Huku kwetu usiku hushuka hadi nyuzi 10 au 12, na upande wa Karen na Limuru hushuka zaidi. Mchana nyuzi 21 au 22 huwa ni bahati.

Mgeni kutoka Ulaya atakuambia hiyo si baridi. Ana haki, kwa sababu nyumba yake ina mabomba ya joto. Nyumba ya Nairobi ina sakafu ya vigae, kuta za mawe na madirisha ya vyuma yanayopitisha upepo. Ofisi ni hivyo hivyo. Mtu huamka kwenye baridi, hukaa kwenye kiti baridi hadi saa kumi na moja, kisha hurudi kwenye sebule baridi na kujifunika blanketi mbele ya televisheni. Kutwa nzima hajapata joto mahali popote isipokuwa ndani ya matatu iliyojaa. Kwa hiyo anayeweza kumpa joto la kweli kwa saa mbili anamuuzia kitu ambacho hakipati nyumbani wala kazini. Yule mama wa steji alikuwa analiuza hilo, na supu ilikuwa nyongeza.

Sasa tazama mikahawa yetu ilivyojengwa. Karibu yote imejengwa kwa ajili ya Januari: bustani, ukumbi wa paa, hema lisilo na kuta, viti vya chuma. Inapofika Julai mwenye mkahawa haondoi hata kiti kimoja. Anaweka ubao wa punguzo, halafu anashangaa.

Hapa nataka tupige hesabu, kwa kuwa punguzo ndilo jambo la kwanza linalomjia kila meneja na ndilo linaloumiza zaidi. Chukua sahani ya Sh800 ambayo viungo vyake vinakugharimu Sh320. Kila sahani inakuachia Sh480 za kulipia kodi ya pango, stima, gesi na mishahara, kabla hata hujafikiria VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2. Ukiuza sahani kumi una Sh4,800. Punguza bei kwa robo, iwe Sh600. Viungo bado ni Sh320, kwa hiyo sahani inakuachia Sh280. Ili ufikie zile Sh4,800 inakubidi uuze sahani kumi na nane. Karibu mara mbili ya wateja, katika mwezi uleule unaosema watu hawatoki, wakae kwenye viti vilevile vya chuma! Na yule aliyevutwa na Sh600 atarudi Septemba akiuliza kwa nini imekuwa Sh800. Mteja anayetetemeka bei haimsaidii kitu. Anahesabu dakika alizobakiza kabla ya kuomba bili.

Pesa utakayoipoteza kwenye punguzo la mwezi mmoja inatosha kushona mapazia ya turubai pande tatu za hema. Inatosha kununua shuka za Kimaasai za kutundika nyuma ya kila kiti, mradi zifuliwe kila wiki, kwa sababu shuka inayonuka moshi wa jana humfukuza mtu haraka kuliko upepo. Inatosha kuweka mito juu ya vile vyuma. Meza nazo zihamishwe, jambo ambalo ni bure kabisa. Ondoa zile za kando ya ua, zikusanye karibu na jiko la kuchomea, watu wauone moto na kuusikia. Meza nane zilizosongamana karibu na moto hupendeza kuliko ishirini zilizotawanyika gizani, na mpita njia akichungulia langoni ataona watu.

Neno moja la tahadhari na nalisema kwa uzito. Usiingize jiko la makaa ndani ya hema uliloziba kila upande. Makaa hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi nchini tunazika watu waliolala na jiko ndani ya nyumba. Jiko likae palipo wazi, ubavu mmoja wa hema ubaki bila pazia, na hita ya gesi itumike tu pale hewa inapopita.

Kisha kuna chakula chenyewe. Nilipokuwa mhudumu, malalamiko mengi ya Julai yalihusu nyama. Mteja ameagiza kilo mbili za mbuzi, amengoja zaidi ya saa nzima, inaletwa yote kwa pamoja kwenye ubao wa mbao, inakatwa mbele yake. Baada ya dakika kumi mafuta ya mbuzi yameganda na kuwa meupe, ugali umekauka juu, na nusu ya nyama inabaki. Mteja huyo hatasema nyama ilikuwa mbaya. Hatarudi tu. Mchomaji anayejua kazi yake hukata nusu kilo, huipeleka, na kuiacha iliyobaki juu ya moto wa chini. Huja mara nne mezani badala ya mara moja. Inachosha, na nawasikitikia wachomaji, lakini Julai hakuna njia nyingine. Sahani za mchuzi nazo zipashwe kabla ya kupakuliwa. Kachumbari isitoke kwenye friji.

Supu ndiyo iliyonisikitisha zaidi kwa miaka yote hiyo. Mkahawa unaochoma mbuzi watano kwa wiki una mifupa, una vichwa, una miguu. Vingi huuzwa kwa bei ya kutupa au hupewa mbwa wa walinzi. Vitu hivyo hivyo ndivyo yule mama wa steji anavyovichemsha kwa saa sita na tangawizi na kitunguu, akavigeuza mshahara. Kikombe kidogo cha supu ya bure kinachomfikia mteja ndani ya dakika mbili baada ya kuketi kinakugharimu shilingi chache, na kinafanya kazi ambayo punguzo la asilimia 30 halitaiweza: kinamfanya avue koti. Akishavua koti, hana haraka. Wale wasiokula nyama wapewe dawa, ile ya ndimu, asali na tangawizi, au chai ya tangawizi iliyochemka kwelikweli. Hata kwenye bia desturi yetu iliona mbali. Mhudumu wa Kenya hakufungulii chupa kabla ya kuuliza, "Baridi ama moto?" Wazee walikuwa wakijibu "moto" wakimaanisha iliyokaa nje ya friji, na vijana waliwacheka. Nenda baa yoyote ya mtaani mwezi Julai uone ni vijana wangapi wanaojibu kama wazee. Kama friji zako zimejaa na rafu hazina kitu, hukusikiliza.

Saa pia ni tatizo, na hapa ushauri ulioigwa kutoka nchi za kaskazini hupotosha. Kule majira ya baridi huja na giza la mapema, na biashara hujipanga kuanzia jioni. Nairobi jua hutua karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Kinachobadilika Julai ni kwamba mtu anataka awe amefika nyumbani kabla baridi haijakolea. Anayeishi Ruiru au Rongai anawaza foleni na nauli inayopanda mvua ikinyunyiza. Mteja huyo yupo mjini kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku, kisha hayupo. Lakini mikahawa mingi huwasha moto wa choma saa kumi na mbili na kuleta mwanamuziki saa tatu. Sheria ya vileo ya 2010 inaziruhusu baa kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi, kwa hiyo kati ya saa kumi na moja na saa mbili kuna dirisha la saa tatu tu. Choma ikihitaji zaidi ya saa moja, moto uwashwe saa tisa. Mtu anapotoka kazini akute nyama tayari, ale, aondoke saa moja na nusu akiwa ameshiba na amepata joto. Kumlazimisha akae hadi saa nne kwa ajili ya bendi ni kumpoteza.

Kalenda nayo ina mchango wake, na si sote tunaoiangalia. Baada ya Madaraka tarehe 1 Juni hakuna sikukuu ya kitaifa ya tarehe maalum hadi 10 Oktoba. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa 30 Juni, na semina za wizara na kaunti zilizokuwa zikijaza kumbi za hoteli husimama zikingoja pesa mpya. Ligi Kuu ya Uingereza humalizika Mei na kurejea katikati ya Agosti, kwa hiyo baa inayoishi kwa kandanda hubaki na skrini tupu katika wiki zilezile za baridi. Hata Kombe la Dunia la 2026, la 11 Juni hadi 19 Julai, limepangwa Marekani, Kanada na Mexico, na mechi zake nyingi zinaangukia usiku wetu wa manane. Ongeza maandamano: 25 Juni 2024, kisha 25 Juni na 7 Julai 2025, katikati ya jiji palifungwa na hakuna aliyefikiria kula nje. Haya yote huangukia msimu mmoja, halafu tunaisingizia baridi peke yake. Agosti 2025 baridi ilikuwepo, lakini Kenya ilipokuwa ikicheza CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, pale Kasarani, na hasa Harambee Stars ilipoifunga Morocco 1-0 tarehe 10, baa za mitaani zilijaa hadi nje. Watu walisimama barabarani wakiwa na makoti.

Lakini si kila mwaka tutaletewa mashindano. Kuna kundi ambalo huja kila Juni na Julai bila kuitwa, na mikahawa yetu hulidharau. Nazungumzia kamati za harusi.

Harusi nyingi za jiji hili hufanyika Agosti, shule zikifungwa, na Desemba. Harusi ya Agosti ina kamati inayoanza kukutana Juni. Kamati ni watu kumi na tano, wakati mwingine ishirini na tano: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, binamu, wenzake wa kazini, watu wa kanisani. Hukutana kila wiki, siku ileile, kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa mbili, kwa wiki nane au kumi. Hukutana mjini kwa kuwa kila mtu anatoka kazini. Hesabu vichwa: watu ishirini kwa wiki nane ni viti mia moja na sitini, katika miezi ile ile unayolia. Ukiwa na kamati nne, moja Jumatatu, nyingine Jumanne, Jumatano na Alhamisi, umeijaza kona ya ukumbi wako msimu mzima.

Basi wanapokelewaje? Najua, nilikuwepo. Wanapewa meza ya kando ya choo. Mhudumu anakunja uso kwa sababu kila mmoja ataagiza chai moja na kukaa saa mbili. Muziki unaongezwa sauti. Meneja anapita akiuliza kama kuna kitu kingine wangependa, kwa sauti ya kuwaambia waondoke. Wiki inayofuata wamehamia kwingine. Nimekaa kwenye kamati ya binamu yangu iliyohama mara tatu. Mahali pa nne palikuwa chumba cha nyuma cha hoteli ndogo karibu na Mtaa wa River Road, rangi imebambuka, viti vya plastiki. Tulikaa pale wiki saba. Nilimuuliza mweka hazina wetu, mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiandika ahadi zetu zote kwenye daftari, kwa nini hapa tumetulia. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mlango wake unafungika."

Kamati inataka mlango unaofungika, kwa ajili ya baridi na kwa ajili ya siri za pesa. Inataka chupa kubwa za chai zikae mezani badala ya kikombe kimoja kimoja. Inataka bei ya kichwa inayojulikana mapema, tuseme Sh300 kwa chai isiyo na kikomo na mandazi mawili au nduma, ilipwe mara moja na mweka hazina, kusiwe na ile aibu ya bili ya mwisho ambapo watatu wameshaondoka bila kulipa. Inataka soketi ya kuchajia simu. Na mkutano ukifungwa kwa maombi, theluthi ya watu hao wana njaa na wako umbali wa hatua tano kutoka jikoni kwako. Wape menyu wakati huo, si kabla. Harusi yenyewe itahitaji mahali pa chakula cha wazee wa pande mbili, na watakumbuka ni nani aliyewavumilia. Vyama vya akina mama wanaokutana Jumamosi ni watu wa aina hiyo hiyo. Hata vikao vya mazishi, ambavyo mji huu hauishiwi navyo, vinastahili chumba chenye joto na mhudumu asiyekunja uso. Waliofiwa hawasahau walivyopokelewa.

Kuna pia wageni. Nyumbu huingia Maasai Mara kati ya Julai na Oktoba, na watalii hulala Nairobi usiku mmoja kabla ya kuruka kutoka Uwanja wa Wilson, kwa hiyo kwa hoteli kubwa msimu wetu wa baridi ndio msimu wa neema. Mkahawa wa mtaani hautapata wengi kati yao. Utakaowapata ni ndugu zetu wa ughaibuni wanaokuja wakati shule za kule zimefungwa na kutaka kuwalisha jamaa ishirini mukimo na mbuzi Jumapili baada ya ibada. Hawa humpigia simu shangazi, na shangazi ndiye huamua mahali. Muhimu ni shangazi apajue.

Na ukitaka kuwakumbusha wateja kwa ujumbe wa simu, omba idhini kwanza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inafanya kazi: mwaka 2023 klabu moja ya jiji ilitozwa Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake. Namba iliyotokea kwenye malipo ya M-Pesa haijawa yako ya kutangazia biashara.

Nimeliacha hili hadi mwisho kwa kuwa ndilo linaloniuma. Mwenye mkahawa akiona Julai imelala, hatua ya kwanza ni punguzo, ya pili ni kupunguza watu. Vibarua huambiwa warudi Septemba. Hakuna barua wala malipo, ni neno tu la jioni wakati wa kufunga. Mwaka nilioambiwa hivyo mimi tulikuwa wanne, na mmoja wetu alikuwa dada aliyehudumu pale miaka sita. Alijua mzee gani hunywa moto, mama gani hataki dhania kwenye mchuzi, na mwanasheria yule wa Ijumaa hupenda kuketi mgongo ukutani. Hakuandika popote, alikuwa nayo kichwani. Mkahawa ulibaki na wahudumu wawili waliokuwa wakikimbia huku na huku, chakula kilifika kimepoa, na wale wachache waliokuwa bado wanakuja wakapungua tena.

Yeye hakungoja Septemba. Kabla Julai haijaisha alikuwa amepata kazi kwenye kimkahawa cha ghorofa ya kwanza upande wa pili wa barabara, chenye madirisha yaliyofungwa na meza tisa tu. Niliporudi Septemba, wateja wetu wa zamani waliingia, wakatazama huku na huku, wakaniuliza, "Yule dada yuko wapi?" Nikawaonyesha kwa kidole. Yule mwanasheria hata hakuketi.